Mwalimu Hodi

Juu ya kabati la fundi cherehani mmoja mara nyingine utakuta mkono wa mpira. Ni mkono mzima, kuanzia begani hadi kwenye kucha, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na pale kwenye kiwiko una kiraka cha buluu kilichokatwa kwenye koti la mvua. Mteja mgeni akiinua macho wakati anapimwa kiuno hushtuka. Fundi humwambia, "Tulia bwana, huyo ni shemeji yangu," kisha huendelea kupima. Anayeijua habari yenyewe hutabasamu tu, akaangalia pembeni.

Mkono huo hauishi pale. Huletwa ukichanika, maana kazi yake ni kutobolewa sindano na watu wanaojifunza. Zamani alikuwa akiuleta dada yake fundi. Sasa unaletwa na binti mwingine, na namna ulivyohama kutoka kwapani mwa mmoja kwenda kwa mwingine ndiyo habari ninayotaka tukae nayo kidogo.

Dada yake fundi alikuwa muuguzi aliyezeekea wodini, halafu akapewa kazi ya kufundisha. Wauguzi wapya na matabibu walipitia mikononi mwake kujifunza kutafuta mshipa, kuingiza kanula, ule mrija mwembamba unaobaki mshipani, kutundika dripu, na lile ambalo wengi hulisahau: kuitunza njia baada ya kuipata. Mume hakuwa naye. Wanafunzi wakimwona anakata kona ya korido, vidole vya mpira vikichungulia nje ya mkoba, walinong'onezana, "Mwalimu huyoo, kaja na mumewe." Naye masikio yake yalikuwa mazima. "Ndiyo, nimekuja naye," angesema akiuweka mkono mezani. "Hakoromi na hanuni. Nani kati yenu ana wa namna hii?"

Ule mkono waliuita Bwana Mpira.

Somo lake la kwanza halikuwa na sindano hata moja. Alisimama mbele yao, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi wa yule fundi, mdogo wake ambaye kwa utani alizoea kumwita kaka, akauliza: "Ukifika kwa watu, unafanyaje?"

"Unapiga hodi," wakamjibu.

"Usipojibiwa?"

"Unapiga tena."

"Usipojibiwa tena?"

"Unaondoka."

"Unavunja mlango?"

Wakacheka. "Mwalimu, huo si ujambazi?"

"Basi mshipa ni nyumba ya mtu. Umejaribu mara moja, hukupata. Umejaribu ya pili, hukupata. Toka, kamwite mwenzako. Usigeuke jambazi kwenye mkono wa mtu kwa sababu unaona aibu."

Ndivyo alivyopata jina la Mwalimu Hodi. Lakini hodi yake kubwa ilikuwa nyingine, na hiyo aliitunga mwenyewe. Mgonjwa mwenye mrija hupewa dawa kupitia kizibo kidogo kilicho mwishoni mwa mrija. Kizibo hicho lazima kisuguliwe kwa spiriti, kisha kiachwe kikauke, kabla hujachomeka bomba la sindano. Usipokisugua, uchafu wa kidole, wa shuka, wa hewa ya wodi, unasukumwa moja kwa moja ndani ya damu. Watu walifundishwa kusugua huku wakihesabu. Mwalimu aliona jinsi wanavyohesabu. Mtu mwenye haraka anameza namba. Anaanza moja, mbili, halafu unamsikia yuko mwisho. Akawaza, mtu anaweza kuila namba, lakini salamu? Salamu kwetu hailiki. Ukianza kumsalimu mtu huwezi kuikatiza katikati, utaonekana huna adabu.

Basi akawatungia maneno. Unashika kizibo, unaanza kusugua, unamwambia mgonjwa polepole: "Hodi, mwenye nyumba. Mikono nimenawa. Mlango naufuta. Ukikauka nitaingia." Unaendelea kusugua mpaka mgonjwa akujibu, "Karibu." Akishasema karibu, unaacha kusugua, unangoja kizibo kikauke, ndipo unaingia.

Mwanzoni waliona haya. Daktari mmoja alisema yeye hakusoma miaka yote hiyo ili aje kuongea na kizibo. Lakini wagonjwa waliipenda mno. Wazee waliokuwa wakiogopa sindano walikaa wakingoja zamu yao ya kusema karibu. Mtoto mmoja wa wodi ya watoto alikuwa akijibu, "Sikutaki!" na muuguzi analazimika kusugua mpaka mtoto abadilishe mawazo. Na homa za mirija zikapungua wodini, kila mtu aliona.

Sasa, katika darasa moja kulikuwa na kijana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mwenye nyumba akiwa amelala?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akavua miwani akafuta machozi. Kengele ya chakula ilikuwa imeshalia, watu wameshafunga mikoba. Akasema, "Aliyelala mwacheni alale, jamani. Usingizi nao ni dawa." Wakatoka.

Jibu lile lilikuwa la kuchekesha. Alilisema akifikiria salamu. Kusugua hakukumjia akilini kabisa.

Kwenye benchi la nyuma alikaa binti aliyeitwa Kimya. Jina lilimfaa. Alikuwa na mikono mizuri kuliko wote, vidole vinavyosikia mshipa chini ya ngozi kama mtu anayepapasa ukingo wa kitambaa, lakini sauti yake ilikuwa haivuki meza. Kumwambia mgeni "hodi, mwenye nyumba" mbele ya wodi nzima kulimtoa jasho kuliko sindano. Mwalimu alimpenda, akambeba kama mwanawe. Siku ya kumtoboa mtu wa kweli kwa mara ya kwanza, Kimya alitetemeka mpaka trei ikalia. Mwalimu akakunja mkono wa blauzi, akautandaza mkono wake wa kushoto mezani.

"Anza na mimi. Ukiniumiza nitakuambia, Bwana Mpira angekuficha."

Hakuwa wa kwanza kupewa mkono ule. Mwalimu aliwapa wengi waoga, mwaka baada ya mwaka, daima wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio aliofanyia kazi. Mishipa ya mkono wa kushoto ikakomaa, ikawa migumu kama kamba za viatu. Alikuwa akiigusa na kusema kwa utani, "Hii shule imechakaa, serikali haijaleta rangi."

Kisha akaumwa. Uvimbe kwenye titi la kulia. Wakalikata titi pamoja na tezi za kwapani, na baada ya hapo mkono wa kulia hauruhusiwi tena kuguswa na sindano, unaweza kuvimba usirudi. Mkono wa kushoto nao ni ile shule iliyochakaa. Na dawa aliyoandikiwa ilikuwa kali, dawa ambayo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Haitaki mshipa mdogo wa kubahatisha. Daktari akamwekea mrija kifuani, unaoingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo.

"Huu ndio mlango wako uliobaki," daktari akamwambia. "Tuutunze."

"Wewe unaniambia mimi?" Mwalimu akajibu, wote wakacheka.

Alilazwa kwenye wodi ileile aliyokuwa akifundishia. Fundi alikuja kila siku na mto aliomshonea, mwembamba, wenye shimo katikati ili usimkandamize pale penye mrija. Kimya alikuwa zamu kwenye wodi hiyo. Na hapo ndipo shida ilipoingia, taratibu, kwa mlango wa mapenzi.

Kimya hakuweza kufanya kazi mbele ya macho ya mwalimu wake. Mikono ile mizuri ilipotea. Akikaribia kitanda anaangusha pamba, anasahau glovu, anaomba radhi kwa kitanda. Siku moja aliangusha trei nzima, vichupa vikabiringika hadi chini ya kitanda cha jirani. Mgonjwa jirani akasema, "Dada, huyu mwanafunzi wako ataniua mimi kwa mshtuko kabla ya ugonjwa." Kimya akaenda kulia stoo.

Mwalimu aliliona hilo, likamuuma. Akaamua kumsaidia kwa namna aliyoweza. Mchana uliofuata, baada ya wageni kuondoka na wodi kutulia, aliposikia viatu vya Kimya vikija, alifumba macho. Akaachia mdomo wazi kidogo. Akavuta pumzi kama mtu aliyezama usingizini.

Kimya akasimama kando ya kitanda. Alimwona mwalimu wake amelala, kwa mara ya kwanza baada ya siku za maumivu, uso umelegea. Mikono ikatulia. Hakutaka kumwamsha kwa chochote. Akakumbuka, neno kwa neno: aliyelala mwacheni alale. Akafungua bomba la dawa bila kelele, akashika mrija kwa vidole vyepesi. Hodi hakupiga. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea kusugua ndani ya yale maneno, na kuacha kwa lile neno karibu, maneno yalipokosekana kusugua nako kukapita. Alikigusa tu kizibo na pamba, kama mtu anayefuta chozi la mtoto, akachomeka.

Mwalimu, macho yamefumbwa, alikuwa akisubiri hodi. Badala yake akasikia ubaridi wa dawa ukipita kifuani. Akashtuka moyoni. Akajiambia, labda ameisema kimoyomoyo. Nikifumbua macho sasa, ataona nilikuwa namtega, na mikono hii haitarudi tena. Akaendelea na usingizi wake wa uongo. Kimya akamfunika shuka mpaka mabegani, akaondoka kwa kunyata, ana furaha.

Homa ilikuja baada ya siku chache. Fundi alimkuta dada yake anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, amefunikwa mablanketi ya vitanda viwili. "Dada, baridi gani hii na jua lote hilo?" Hakujibiwa. Daktari alikuja, akasoma majibu ya damu, akakaa kwenye kiti, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Uchafu umeingia kwenye mrija," akasema. "Lazima tuutoe leo."

"Halafu mtaweka mwingine?" fundi akauliza.

"Damu yake haigandi vizuri sasa hivi. Mrija mpya lazima nianzie shingoni, na nikimchoma hapo anaweza kutoka damu nisiweze kuizuia. Tutatafuta mshipa mdogo mkononi, tumpe dawa ya homa. Ile dawa kali itabidi isimame."

"Isimame mpaka lini?"

Daktari alimtazama mgonjwa, si fundi. Mwalimu ndiye aliyejibu, meno yakigongana: "Kaka, usimsumbue daktari. Ameshasema."

Walipojaribu mkono wa kushoto, muuguzi wa kwanza alikosa. Wa pili alikosa. Mwalimu akasema, "Mwiteni Kimya."

Kimya alikuja amevimba macho. Wodi nzima walishajua kuna mrija ulioingia uchafu, lakini yeye alijua zaidi. Pazia likavutwa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akakunjua mkono ule aliojifunzia, halafu mdomo ukafunguka na yote yakatoka, kwa sauti ileile isiyovuka meza.

"Ni mimi, mwalimu. Sikusugua. Nilidhani umelala. Ulisema aliyelala tumwache alale."

Nje ya pazia mtu alikuwa anakokota ndoo.

"Nilisema hivyo?"

"Redio alikuuliza. Ulicheka ukasema hivyo."

Alikumbuka. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyekanyaga mwiba ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Madarasa mangapi," akasema polepole, "yametoka na jibu hilo?" Kisha akasema lile ambalo Kimya hakulitegemea. "Mimi sikuwa nimelala, mwanangu. Nilikuwa macho."

Kimya akainua uso.

"Nilifumba macho ili usiniogope. Nikasikia hujapiga hodi. Nikakaa kimya. Kwa hiyo usiubebe peke yako, huu mzigo una mishikio miwili."

"Mimi naacha hii kazi," Kimya akasema. "Shangazi ana duka la nguo. Nguo haiwezi kufa."

"Haya, utaacha. Lakini kwanza nitafutie mshipa."

Kimya alinawa tena. Akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akapita ile mishipa iliyokufa mmoja mmoja bila haraka, mpaka karibu na kidole gumba akasimama. Palikuwa na kitu chembamba, chenye uhai. "Hodi, mwenye nyumba," akaanza, na kwa kuwa alikuwa analia ilibidi aseme kwa nguvu ili sauti ipite. "Mikono nimenawa. Mlango naufuta. Ukikauka nitaingia."

"Karibu," mwalimu akasema.

Akaingia mara ya kwanza. Damu ikaonekana kwenye kanula, nyekundu, tone moja.

Dawa ya homa ilifanya kazi yake. Mshipa ule mdogo ulitosha kwa homa; kwa dawa kali haukufaa. Damu ilichelewa kurudi kwenye hali ya kumruhusu daktari amwekee mrija mwingine, na ugonjwa haukuwa na subira ya namna hiyo. Ulipanda. Siku moja mwalimu akaomba arudishwe kwa kaka yake, alale chumba cha mbele karibu na cherehani, asikie kitu kingine mbali na matroli ya wodini.

Kimya alimtembelea huko. Mwalimu alikuwa amebaki macho na miwani. Juu ya miguu yake, kwenye shuka, alikuwa amelazwa Bwana Mpira, kiraka kipya cha buluu kiwikoni.

"Darasa la kujikumbusha linaanza," mwalimu akasema. "Wauguzi wa zamani, matabibu wa zamani. Wengi nimewafundisha mimi. Wote wana lile jibu langu mfukoni. Mimi siwezi kusimama."

"Mwalimu, usiniambie."

"Nakwambia."

"Sauti yangu haifiki dirishani."

"Mwambie Bwana Mpira afungue dirisha." Fundi akacheka, akaacha kucheka, akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imedondoka. Mwalimu akaushika mkono wa Kimya. "Mwanangu, mrija wangu umeshatoka, basi. Lakini jibu lile bado liko wodini, linatembea na watu wazuri. Nikifa nimeliacha, nitakuwa nimewafundisha vibaya mpaka mwisho. Ukishalitoa, nenda dukani kwa shangazi, hata mimi nitakutakia heri."

Kimya alirudi kwao na mkono wa mpira kwapani, watu barabarani wakimpisha.

Darasani walikuwa wamejaa. Yeye aliweka Bwana Mpira mezani, akafundisha akiangalia kiraka cha buluu. Waliokuwa nyuma walilalamika, "Sauti, sista!" Alipofika kwenye kizibo, akasema yale maneno ya hodi, na sauti nzito ikatoka karibu na mlango, sauti anayoijua. Ni Redio, sasa tabibu mwenye kitambi.

"Na mwenye nyumba akiwa amelala?"

Waliokumbuka walicheka. Redio hakujua kitu. Alikuwa anauchezea mzaha wake wa zamani. Kimya alingoja kicheko kiishe. Kikaisha. Akaendelea kungoja, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Mwamshe," akasema.

Sauti ilifika dirishani. Ilifika na nje, maana mfagizi wa korido alisimamisha ufagio.

"Mwamshe. Akikasirika, akasirike. Akishindwa kuamka, iseme hodi yote, halafu uijibu mwenyewe karibu, kwa sauti, huku unasugua. Usingizi wa mgonjwa hausugui kizibo. Niliwahi kumwacha mgonjwa alale. Mgonjwa huyo alikuwa mwalimu wetu. Muuguzi alikuwa mimi."

Redio alivua kofia. Hakuuliza kitu kingine siku nzima, na nasikia hiyo ndiyo siku pekee.

Jioni, kabla jua halijazama, Kimya alipita kwa fundi moja kwa moja akiwa na sare. Cherehani ilikuwa imesimama, kitambaa kiko nusu chini ya sindano. Fundi alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba cha mbele, amekunja mikono.

"Amelala, mama," akasema kwa upole. "Toka asubuhi. Akifumbua macho ni kidogo tu. Kama ni salamu, nitamfikishia."

Kimya alisimama pale. Alimwona kwa mbali, uso umelegea, mdomo wazi kidogo, sawasawa na siku ile. Akampita fundi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Hodi, mwenye nyumba," akasema, kwa sauti ya darasani.

Fundi alitaka kumzuia, akajizuia mwenyewe. Kimya akapiga tena. Kope zikatikisika. Zikafunguka taratibu, kwa kazi kubwa.

"Karibu," mwalimu akasema. Akamtazama kwa muda, kama anayetafuta mahali pa kumweka. "Umeniamsha. Safari hii nilikuwa nimelala kweli."

"Ndiyo, mwalimu," Kimya akasema. "Nimekuamsha."